Nilimtajia daktari dawa niliyokuwa naitamani

Mwezi wa nne bila pombe ulinitisha kuliko wa kwanza. Mwezi wa kwanza nilikuwa na sababu ya kutetemeka, na kila mtu aliijua: mke wangu, wauguzi, hata mwanangu mdogo aliyekuwa akiambiwa tu kwamba baba anaumwa. Mwezi wa nne sababu haikuwepo. Nilikuwa nakula vizuri, nimerudi kazini, uso umejaa, watu wananipa hongera. Na bado simu ikiita, moyo ulikuwa unaruka kama nimefumaniwa. Nikawa naiweka mezani kifudifudi nisione jina la anayepiga. Kifua kikianza kubana na vidole kufa ganzi, nilikwenda chooni nikashika sinki kwa mikono miwili, nikangoja ipite. Dakika kumi, wakati mwingine ishirini. Kisha nanawa uso, nageuza simu, narudi kwenye kiti.

Nilikuwa nimejiahidi kwamba pombe ikitoka, na woga utatoka nayo. Nilijiambia woga ni wa mlevi: anaogopa kwa sababu anaficha, anadaiwa, amesahau alichosema jana. Basi nilipolipa madeni na kuacha kuficha, nikangoja amani. Haikuja. Kilichokuja ni wazo lililoanza kunijia jioni, kimyakimya, la vidonge vya wodini.

Ili hilo lieleweke lazima nirudi nyuma kidogo.

Niliacha pombe nikiwa nimelazwa, na nawashukuru walionishikilia iwe hivyo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka hapaswi kuacha ghafla akiwa peke yake chumbani. Pombe huitia nguvu GABA, kemikali inayofanya kazi ya breki kwenye ubongo, na huidhoofisha glutamati, ambayo kazi yake ni kuuchangamsha. Ubongo ukikaa miaka ndani ya hali hiyo hujirekebisha: breki zake zinalegea na uchangamshaji unaongezeka, ili mtu aweze kusimama na kuzungumza licha ya alichokunywa. Sasa ondoa pombe kwa siku moja. Gari limebaki halina breki na mguu uko kwenye mafuta. Degedege inaweza kumpiga mtu ndani ya saa 48 za mwanzo, na kule kuweweseka kwa hatari, mtu anaona visivyokuwepo na joto la mwili linapanda, kwa kawaida huja siku ya pili hadi ya nne. Watu hufa kwa hilo. Kwa hiyo nilipewa diazepamu, dawa inayoshika breki hiyohiyo, dozi kubwa siku ya kwanza kisha ikapunguzwa kila siku. Siku ya sita ikakatwa.

Ilifanya kazi yake sawasawa. Sina lawama kwa yeyote wa wodi ile. Lakini siku ya pili, nusu saa baada ya kumeza, nikiwa nimelala nikitazama dari, nilihisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi tangu utotoni. Mabega yalishuka. Kelele iliyokuwa kichwani mwangu tangu sijui lini ikazimika. Nikawaza: kumbe watu wengine wanaishi hivi. Nilitoka hospitali bila hamu kubwa ya pombe, ila na kumbukumbu ya ule utulivu, na sikumwambia mtu. Si mke wangu, si mzee anayenishika mkono kwenye kikundi chetu cha kusaidiana. Niliuona kuwa ni jambo dogo. Jambo dogo huwa unalisema bila shida, na mimi nilikuwa nalificha.

Mwezi wa nne nikaenda kwa daktari. Sikudanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Nilisema moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika saa tisa usiku haurudi, kazini nashindwa kupokea simu. Yote kweli. Akauliza kama kuna dawa ninazotumia, nikasema, "Hapana, daktari." Kweli tena. Foleni nje ilikuwa ndefu, yeye alikuwa amechoka, na hakuuliza kuhusu pombe. Nami nilikaa pale nikiona kabisa kwamba hajauliza. Niliiona nafasi ile kama mtu anavyoona mlango uliosahauliwa wazi, nikanyamaza. Akaandika: diazepamu, miligramu 5, vidonge 30.

Nilinunua. Nilipotoka duka la dawa mkono wangu wenyewe uliipeleka bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto. Nilikuwa nimefika nusu ya njia nilipotambua kwamba mfuko ule ndio niliokuwa naficha kichupa.

Sikumeza. Wala haikuwa ushujaa, niliogopa tu ule mfuko. Usiku nilikaa jikoni, bahasha mezani, nikavihesabu vidonge mara mbili nikijua kabisa ni 30, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupanga vitanifikisha wapi, na vikiisha nitakwenda kwa daktari yupi mwingine. Hesabu hiyo naijua. Ni ileile niliyokuwa napiga kila jioni mbele ya chupa: iliyobaki itafika asubuhi au haitafika? Mtu anayemeza dawa ya shinikizo la damu hapigi hesabu ya namna ile. Saa tano na nusu nikampigia mzee wangu wa kikundi.

Nilimweleza yote, pamoja na mfuko. Alikaa kimya muda mrefu nikafikiri simu imekatika. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi si daktari. Siwezi kukwambia meza wala usimeze. Nakuuliza moja tu. Huyo daktari aliyekuandikia, anakujua wewe ni nani?"

Asubuhi nilivirudisha kwa mfamasia nikamwomba aviharibu. Hapa niseme neno kwa anayesoma akiwa tayari anavitumia: mimi sikuwa nimemeza hata kimoja. Aliyevimeza kila siku kwa wiki kadhaa asiige nilichofanya. Vina arosto yake, nayo huleta degedege kama ya pombe, na hupunguzwa polepole sana chini ya mkono wa daktari. Mwezi Septemba 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo lililo zito kuliko yote liwekwe kwenye dawa zote za kundi la diazepamu, kuhusu matumizi mabaya, uraibu, na arosto ya kuacha ghafla.

Jibu la mzee wangu nimelithamini zaidi kadiri siku zinavyopita, kwa sababu kuna mwingine aliyenijibu tofauti. Wiki ileile, baada ya kikao, nilimdokezea mwenzetu mmoja kwamba nafikiri nitahitaji matibabu ya wasiwasi. Akaniambia, mbele za watu, kwamba anayemeza chochote cha kutuliza kichwa hayuko soba, amebadilisha chupa tu. Alisema kwa nia njema. Lakini nilimwona mwenzetu mwingine akiacha dawa zake za sonona kwa ajili ya maneno kama hayo, na baada ya wiki chache kiti chake kikawa kitupu. Hili linanikera na sitalipaka mafuta. Hata Alcoholics Anonymous, umoja wa waraibu wa pombe wanaosaidiana kuacha, ambao ulianza Marekani mwaka 1935 na ambao vikundi vingi vimeiga utaratibu wake, unasema waziwazi katika machapisho yake kwamba mwanachama asijifanye daktari wa mwenzake. Wanaosema "acha dawa" na wanaosema "meza tu, itakusaidia" wote wamekaa kwenye kiti kisicho chao.

Nikaomba miadi kwa daktari mwingine, na mara hii niliandika. Nilijua nikifika mbele yake ulimi utachagua maneno yanayonifaa, kama ulivyochagua mara ya kwanza. Niliandika sentensi tatu kwenye kipande cha karatasi, na nilikaa nazo muda mrefu kwa ajili ya mpangilio tu. Nikianza na wasiwasi, daktari ataanza kufikiria dawa kabla hajasikia mengine. Nikianza na uraibu, huenda asisikie tena kitu baada ya hapo. Mwisho nilichagua kuanza na uraibu, kwa sababu nilijua nikiuweka mwisho nitautafutia sababu ya kutoufikia.

Alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini. Nilitoa karatasi, nikamwambia, "Daktari, samahani, nitasoma." Mikono ilikuwa inatetemeka hadi karatasi ikawa inalia. Nikasoma: "Mimi ni mraibu wa pombe, leo nina siku 131 bila kunywa. Nina wasiwasi unaonizuia kufanya kazi na kulala. Naziogopa dawa za kutuliza, na pia nazitaka."

Akaiweka kalamu chini. Akasema, "Asante kwa kuanza na hiyo, kaka." Kisha akavuta kiti kikawa upande wangu wa meza.

Maswali yake yalichukua muda. La kwanza lilikuwa kitu ambacho sikuwahi kujiuliza: wasiwasi ulianza kabla ya pombe au baada? Nilitaka kusema baada. Halafu nikakumbuka darasani, nina miaka 14, tunasoma kwa sauti mmoja baada ya mwingine kufuata mistari ya madawati. Nilikuwa nahesabu waliobaki kabla yangu, nikitafuta aya yangu, na ikifika zamu yangu herufi zilikuwa zinaogelea. Siku nyingine niliomba ruhusa ya kutoka mtu mmoja kabla yangu, nikarudi zamu imepita. Miaka mitano baadaye nilikunywa kwa mara ya kwanza kwenye sherehe, na kilichonishangaza si kulewa. Nilisimama mbele ya watu nikatoa hotuba. Mikono ilikuwa imetulia kama ya mtu mwingine. Nilimsimulia daktari haya na nikajikuta nalia, kwa sababu kwa miaka yote nilijieleza kama mtu aliyependa starehe.

Akanifafanulia kwa nini anauliza. Mtu akiacha pombe, wasiwasi wa wiki za kwanza haumwambii daktari mengi, maana unaweza kuwa ni mwili unaojipanga upya. Hata baada ya arosto kali kuisha, usingizi mbovu, hasira za karibu na hofu isiyo na jina vinaweza kubaki wiki nyingi, kwa wengine miezi, vikipungua taratibu. Lakini wasiwasi ukidumu zaidi ya mwezi mmoja hivi bila pombe, na hasa ukiwa na historia ya kabla ya pombe, basi inawezekana kabisa ni ugonjwa unaojitegemea, unaohitaji tiba yake wenyewe. Mimi nilikuwa mwezi wa tano na nilikuwa na darasa lile. Siwezi kueleza vizuri faraja niliyopata kusikia neno "ugonjwa" likitajwa bila neno "udhaifu" karibu yake.

Akanipa karatasi ya maswali saba. Inaitwa GAD-7, ilichapishwa mwaka 2006 na Robert Spitzer na wenzake, na madaktari wa sehemu nyingi wanaitumia. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita, kwa mfano umeshindwa mara ngapi kuzuia mawazo ya wasiwasi, unajibu kwa namba kutoka 0 hadi 3, na jumla haizidi 21. Kuanzia 15 ni wasiwasi mkali. Mimi nilipata 17. Nilimwambia inaonekana ndogo kuliko ninavyojisikia. Akasema namba ile ni ya kulinganisha na itakayokuja, haipimi maumivu yangu.

Aliuliza kama nimewahi kufikiria kujiua. Aliuliza wazi, bila kuzungukazunguka. Nikasema ndiyo, mwaka jana, bado nikinywa, na sasa sifikirii. Akauliza kama mke wangu anajua. Nikasema hapana. Akasema hilo tutalirudia kabla sijaondoka, na tulilirudia.

Aliagiza damu ipimwe, kwa sababu tezi ya thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, kutetemeka na kukosa usingizi, na upungufu wa damu nao huukimbiza moyo. Yote yalirudi salama. Kisha akauliza ninakunywa kahawa kiasi gani. Nilianza kuhesabu kwa vidole nikafika saba. Tangu niache pombe nilikuwa nimeshika kikombe mkononi mchana kutwa, na kwenye vikao vyetu kila mtu ni hivyo hivyo. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe changu cha saa kumi na moja jioni nusu yake ilikuwa bado inafanya kazi saa nne usiku. Alinipa wiki mbili nishuke hadi viwili, vyote asubuhi. Hili peke yake lilipunguza kitu. Si kingi, lakini saa tisa za usiku zikawa saa kumi.

Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. "Kaka, kuna dawa ambayo ukiona naiandika sasa hivi, ungefurahi?"

Niliangalia chini. Kulikuwa na vigae, na kimoja kilikuwa na ufa uliopita pembeni kwenda katikati. Nakumbuka ufa ule vizuri kuliko uso wa daktari wa kwanza. Ningeweza kusema hapana. Alishajua mimi ni mraibu wa pombe, nilishafanya sehemu yangu, nani angenilaumu? Na nilijua kwa hakika kabisa kwamba nikilitaja jina, mlango utafungwa. Yaani usiku mmoja mbaya utakuja, nitataka kurudi hapa kuomba, na yeye atakuwa anajua. Ile ilikuwa akiba yangu ya mwisho. Kila mraibu ana akiba, hata aliyemwaga chupa zote kuna moja haikumbuki kwa makusudi.

Nikasema, "Diazepamu." Nikamweleza na siku ya pili wodini, mabega yaliposhuka. Nikamweleza vidonge 30 na mfuko wa koti.

Hakushtuka. Akaandika kwenye faili, akanigeuzia nisome alichoandika: asipewe dawa za kundi hilo nje ya hospitali, kwa ombi na makubaliano ya mgonjwa mwenyewe. Akasema, "Sikukuuliza ili nikunyime. Usiku wa kuitafuta ukija, nataka wote wawili tujue ni nini unachotafuta."

Nilisikitika. Nasema kweli, nilipokuwa naitazama ile sentensi nilisikitika kama mtu aliyeagana na rafiki, na ilinichukua siku kadhaa kuacha kuiwaza.

Yaliyobaki ya siku ile yalikuwa mapatano. Alitaja propranololi, ambayo hushusha mapigo ya moyo na haina uraibu, nikamwambia nilikuwa na pumu utotoni na bado hunijia nikipata mafua. Akaifuta palepale, maana huweza kubana njia za hewa kwa mwenye pumu. Alinipa haidroksizini, ndugu wa dawa za mzio, ya usiku tu na kwa wiki chache, akanionya italeta usingizi mzito na nisiendeshe gari. Na akaniandikia sertralini, dawa ya sonona inayotibu pia wasiwasi. Hii alinieleza taratibu: haitulizi siku hiyo wala kesho, huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha matunda, haina ule mlipuko wa raha ambao mraibu huutafuta, na haiachwi ghafla siku utakayojisikia vizuri. Na wiki ya kwanza au mbili inaweza kuongeza wasiwasi kabla ya kuupunguza. Sentensi hii ya mwisho aliirudia mara mbili na akaniandikia. Akanielekeza pia kwa mwanasaikolojia wa tiba ya kubadili fikra na mwenendo, akasema asingependa nitegemee vidonge peke yake.

Tukakubaliana vidonge vitunzwe na mke wangu, na nichukue vya wiki moja moja. Jioni ile nilimweleza mke wangu yote, na la mwaka jana pia. Hilo la mwaka jana ni letu sisi wawili.

Wiki ya kwanza ya sertralini ilikuwa mbaya. Tumbo lilivurugika, mikono ikarudi kutetemeka, na siku ya sita nilikuwa tena kwenye sinki kazini nikiwaza kwamba yule mwenzetu wa kikundi alisema kweli. Nisingekuwa nimeonywa, ningeacha siku ile. Nilikuwa na karatasi yake mfukoni, ile inayosema "inaweza kuongezeka kabla ya kupungua", nikaitoa nikaisoma pale pale maji yakitiririka. Nikapiga simu kliniki. Mkono ulikuwa mzito, kwa maana simu ndiyo iliyokuwa ugonjwa wangu. Daktari akanishusha nusu dozi kwa wiki moja, kisha tukapanda tena.

Mwanasaikolojia alianzia kwenye simu hiyohiyo. Alinitaka niandike ninachoamini kitatokea simu ikiita. Niliandika: wamegundua. Akauliza, wamegundua nini? Sikuwa na jibu. Miaka ya kunywa nilikuwa nalo, lilikuwa refu, lakini sasa hakukuwa na kitu cha kugundua na mwili ulikuwa haujapata habari. Kazi yangu ya wiki ikawa kuigeuza simu iwe uso juu. Kuiacha hivyo tu, bila kupokea. Wiki iliyofuata nipokee moja kwa siku, nikiwa nimesimama, nikivuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne na kuitoa kwa kuhesabu hadi sita. Linasikika kama jambo la watoto. Nilitoka jasho.

Sitaficha kwamba ukweli ule una bei yake. Miezi baadaye nilikwenda kutibiwa mgongo mahali pengine, nikataja historia yangu kama ninavyoitaja sasa kila mahali, na sauti ya aliyenihudumia ikabadilika katikati ya sentensi. Akaacha kunitazama. Akaniuliza kama ni kweli mgongo unauma. Niliumia sana, na kwa nusu siku nilijutia. Wapo wanaoficha kwa sababu ya hilo na siwezi kuwaita waongo. Ninachoweza kusema ni kwamba jioni ile nilimpigia mzee wangu, nikampigia na daktari wangu kesho yake, naye akaniandikia barua fupi ya kwenda nayo kwa wahudumu wengine, inayoeleza hali yangu kwa lugha ya kitabibu. Ninayo kwenye mkoba. Mtu akiisoma kwanza kabla ya kuniangalia, mara nyingi ananitazama vizuri zaidi.

Wasiwasi haujaisha. Bado kuna asubuhi naamka kifua kimeshanitangulia kuamka. Tofauti ni kwamba naujua jina, na najua nani wa kumwambia, na simu iko uso juu.

Miezi mitatu baada ya siku ile ya karatasi nilirudi kwa daktari kwa ukaguzi. Alinipa tena yale maswali saba akatoka kidogo kuzungumza na muuguzi. Nilijaza haraka. Kwenye swali la kuogopa kwamba kitu kibaya kinaweza kutokea, niliandika 1. Nikajumlisha: 8. Nilifurahi, kwa sababu nilitaka sana aione 8. Alikuwa amenitendea wema na nilitaka kumletea kitu.

Kisha nikaikumbuka Jumatano iliyopita, na Alhamisi yote, na usiku wa kuamkia Jumapili. Nikasikia hatua zake zinarudi. Nikaikata ile 1, nikaandika 2 pembeni yake, nikarekebisha na jumla ikawa 9, na alipofungua mlango nikamwonyesha mahali nilipokata.